Wifi na Vibakuli vya Jumapili

Jumapili, 3 Machi

Mvua imeanza leo mchana, imetukuta na nguo kambani. Tumekimbizana nazo mimi, watoto na wifi, huku mume wangu amesimama mlangoni akielekeza, "Hiyo shuka! Hiyo shuka!" kama kocha wa mpira.

Ninaandika kwa sababu kuanzia kesho kazi inaongezeka. Kiwanda chetu kinashona sare za shule, na msimamizi ametuambia msimu huu wote wa mvua tutatoka saa kumi na mbili jioni badala ya saa kumi. Nikifika nyumbani nitakuwa sina nguvu ya kumsimulia mtu, na daftari halikatizi maneno.

Niwataje watu wangu. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja, tunamwita Hakimu, maana hakuna jambo linalopita bila yeye kutoa hukumu. Mdogo wake ana mitano, ni Kobe; wenzake wakishaosha sahani yeye bado anatafuta pa kuanzia. Baba yao ni fundi friji, na friji letu ndilo bovu kuliko yote mtaani. Kinyozi hajinyoi.

Halafu wifi, dada mkubwa wa mume wangu. Ndoa yake imevunjika, na wiki iliyopita amekuja kwetu na begi moja na mto wake wa kulalia. Kilichovunja ndoa hajasema, na kaka yake hajauliza. "Akitaka atasema," ndiyo kauli yake. Mimi na wifi hatujawahi kugombana, wala kupatana sana. Miaka yote alikuwa akija kututembelea anakaa ukingoni mwa kiti, na kabla jua halijazama ameshaaga.

Jumanne, 5 Machi

Nimefika nimelowa mpaka soksi. Kobe amelala sebuleni juu ya viatu. Hakimu amemaliza pakiti ya biskuti na ananitazama kama mimi ndiye mshtakiwa. Jikoni mchele haujachaguliwa, maharage magumu kama kokoto, na kitunguu cha mwisho kimeota. Wifi amesimama mlangoni amejikumbatia.

"Wifi, saa hizi ndiyo unachagua mchele?"

"Sasa nichague saa ngapi, wifi yangu? Ndiyo kwanza naingia."

"Kaka atakuta chakula bado."

"Akute. Kusubiri hakujaua mtu."

Akanitazama kana kwamba nimetukana wazee. Yeye anashinda nyumbani kutwa, na sufuria hagusi. Juzi nilimwomba abandike tu maji ya wali, akasema, "Jiko la watu silijui, nitaunguza." Jiko la gesi lina vitufe viwili!

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Tumekula saa tatu. Kobe amelala na kijiko mdomoni.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimesimama karibu na meza ya mkata vitambaa nikimsubiri anipe kola. Yeye hakati shati moja akalimaliza ndipo akate jingine. Jumatatu hukata kola zote, mikono yote, mifuko yote, anafunga mafungu. Wiki nzima sisi kazi yetu ni kuunganisha tu, na shati linatoka mikononi upesi.

Nikabaki nimeduwaa. Miaka kumi na miwili nashona hivi, halafu jikoni kwangu kila jioni namenya kitunguu kimoja, nasaga kipande kimoja cha tangawizi, naosha karoti mbili, kana kwamba kesho hakutakuwa na watu wa kula.

Nimemwambia mume wangu: Jumapili nataka friji lipone. Si kesho, si "nikipata nafasi".

"Mbona unaongea kama mteja?"

"Na nitalipa kama mteja," nikamwambia, "kwa kukulisha mapema."

Jumapili, 10 Machi

Friji limepona! Ulikuwa mpira wa mlango tu, umelegea, baridi yote ilikuwa inatoroka. Mwaka mzima! Nimemtazama mwenye friji lake, naye akaangalia dari.

Kutwa nzima nimekuwa jikoni. Vitunguu nimevikata vyote, vimejaa bakuli kubwa. Kitunguu saumu na tangawizi nimetwanga pamoja. Nyanya nimezipika mpaka zikawa nzito. Maharage nimechemsha sufuria nzima nikayagawa mafungu, mengine kwenye friza. Nyama nimekata, nikaipaka viungo. Mchele nimechagua wa wiki. Hakimu amekata karoti, kila kipande na umbo lake, akatoa hukumu kwamba karoti hazina haja ya kufanana.

Wifi alipita akachungulia. "Kitunguu cha Jumapili kiliwe Alhamisi?"

"Kimefunikwa, wifi."

"Mwanaume atajua."

"Atajua nini?"

Akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Na mikono yangu inanuka vitunguu saumu mpaka daftari linanuka.

Jumanne, 12 Machi

Nimefika, nimevua viatu, nimewasha moto. Kitunguu kwenye mafuta, kijiko cha tangawizi, nyanya, maharage. Wali ulipoiva na mchuzi ulikuwa tayari. Mume wangu aliingia akasimama katikati ya sebule. "Nani amepika?" "Mkeo wa Jumapili," nikamwambia. Tumecheka! Kobe alimaliza kula kabla usingizi haujamkamata, jambo ambalo halijatokea tangu amezaliwa.

Wifi amechukua sahani yake akaenda kula chumbani, kama kila siku. Tungekuwa tunamnukia vibaya angesema tu.

Alhamisi, 14 Machi

Viazi nilivyokata Jumapili vimekuwa vyeusi kama mkaa. Sasa nimejua: viazi havikatwi mapema, na ukishindwa kungoja basi uvizamishe ndani ya maji, tena kwa siku moja tu. Mimi nilitaka kucheka. Wifi alinipokonya bakuli, akamwaga vyote kwenye taka, akafunika na maganda juu, akaosha bakuli, akalifuta, akalirudisha kabatini, yote hayo kabla sijafunga mdomo. Anaona aibu kwa niaba yangu. Sijamwomba.

Jumanne, 19 Machi

Sasa nina jambo na wifi, na nitaliandika lilivyo.

Kila jioni kaka yake akikaa mezani, yeye husimama nyuma ya kiti. Anangoja mpaka aonje. "Kaka, chumvi imetosha? Haijapoa?" Akishaitikia ndipo yeye anachukua sahani yake na kutokomea. Kama mhudumu wa hoteli! Mimi mpishi nimekaa hapo hapo, hakuna anayeniuliza kama mgongo unauma. Leo nimemwambia mume wangu tukiwa wawili: "Dada yako anataka kunionyesha kuwa sijui kukutunza."

Akakuna kichwa. "Muache. Tulipokuwa wadogo alikuwa akinipa nyama yake akisema hapendi nyama."

"Na alikuwa haipendi?"

"Alikuwa anaipenda sana."

Mama yangu alikuwa akisema wifi ni jiwe ndani ya mchele, utalijua ukishalitafuna. Ndiyo maana nachagua mchele mara mbili.

Jumapili, 24 Machi

Nimeandaa peke yangu. Kabichi, karoti, maharage, nyama. Mvua haijakatika tangu Ijumaa, ukuta wa choo umeanza kutoa jasho.

Ijumaa, 29 Machi

Haya ni ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu.

Umeme ulikatika Jumatano asubuhi. Kufikia jana Alhamisi nilijua vibakuli vyangu vimechacha, lakini nilijipa moyo kwamba nitapitia mkate na mayai, tule tulale. Tulipotoka kiwandani barabara yote ilikuwa maji. Tulisubiri tukiwa tumesimama juu ya benchi za duka la vitambaa. Nilipofika nyumbani giza lilikuwa limeshaingia kitambo.

Sebule haina mtu. Hakuna sauti ya watoto. Nyumba inanuka kuungua. Nikaita, "Hakimu!" Kimya. Nikasukuma mlango wa chumba cha watoto, nikaona shuka linatikisika pembeni ya kitanda. Walikuwa wamejibanza wawili sakafuni, Hakimu amemziba Kobe mdomo kwa kiganja.

"Mna nini?"

"Shangazi ametuambia tusitoe sauti mpaka baba ale," Hakimu akanong'ona.

"Kwa nini?"

"Sijui, mama. Alikuwa anatetemeka."

Nikakimbilia jikoni. Wifi alikuwa amewasha mshumaa. Sufuria ya wali imeungua kabisa, na alikuwa akiikwangua kwa kijiko, haraka haraka, akichota wali wa juu usioungua na kuupanga kwenye sahani moja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na lengelenge kubwa kutoka kwenye kidole gumba hadi kifundo. Alikuwa haliangalii hata.

"Amefika?" akaniuliza.

"Nani?"

"Kaka. Amefika?" Akanishika bega kwa ule ule mkono ulioungua. "Sikiliza. Mwambie ni mimi niliyechelewesha. Wewe nenda chumbani kwa watoto, ufunge kwa ndani. Mimi ni dada yake, mimi hatanipiga sana."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikasema, "Wifi," tu, na mlango wa mbele ukagongwa.

Mume wangu akaingia jikoni na maji yakimchuruzika, tochi ya simu mkononi. Dada yake akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, mfuniko wa sufuria ameubana kifuani. "Chakula bado, kaka. Kidogo tu. Kidogo tu kinaiva. Chakula bado."

Nimeishi na mtu huyu miaka kumi na mitatu, nimemwona akifiwa, nimemwona akifukuzwa kazi. Sijawahi kuuona uso wake kama ule wa jana. Alimtazama dada yake, akaitazama sufuria, akanitazama mimi. Hakumsogelea. Alizima tochi akaketi sakafuni, pale pale kwenye maji yaliyotoka kwenye suruali yake, miguu ameikunja kama mtoto, hata ikawa yeye yuko chini na dada yake yuko juu.

"Dada," akasema, "mimi sina njaa."

"Umetoka kazini. Una njaa."

"Sina. Na ningekuwa nayo, ingekuwa njaa tu. Njaa haina makosa ya mtu." Akaiangalia tena sufuria. "Mumeo alikuwa anakupiga kwa ajili ya chakula?"

Wifi alishuka taratibu, mgongo ukiteleza ukutani, mpaka na yeye akaketi. Nikaleta maji ya baridi nikauzamisha mkono wake. Hakimu akaja na Kobe. Tulikula mkate niliokuja nao, mtupu, wote watano pale sakafuni, na ilikuwa mara ya kwanza wifi kula mbele yetu.

Leo asubuhi nimeomba ruhusa nikampeleka zahanati, wamemfunga bandeji. Njiani nilikuwa nikipanga upya mambo kichwani. Kusimama nyuma ya kiti. Viazi vilivyofichwa chini ya maganda. "Kaka atakuta chakula bado." Wifi hakuwa akinisema. Alikuwa ananilinda.

Jumapili, 31 Machi

Umeme umerudi. Nimesafisha friji nikaanza upya. Nilipomwaga vitunguu mezani, wifi akaja, akavuta kiti, akachukua kisu kwa mkono mzima.

"Nishikie, nikate," akasema.

Nikamshikia kila kitunguu naye akikata. Halafu akaanza, macho kwenye kisu.

"Kipigo hakikuwa cha kila siku, wifi. Watu hudhani ni kila siku. Cha kila siku kilikuwa ile saa. Jua likianza kushuka, nilichoshika nakiweka chini. Nasikiliza geti. Geti likifunguliwa polepole, ni salama. Likigongwa, nahesabu sahani zitakazovunjwa."

"Na chakula kikiwa tayari?"

"Kikiwa tayari mapema kimepoa. Kikiwa cha moto kimechelewa." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Hata mimi nilijaribu hivi vyako, kukata mapema. Akafungua friji akaona. Akasema namlisha makombo."

"Ndiyo maana ulikuwa unakuja kwetu na kuondoka na jua."

"Ndiyo."

Hakulia. Niliyelia ni mimi, na kitunguu nilichoshika kilikuwa bado hakijakatwa. Kobe akaingia akatuangalia, akauliza kama kuna mtu amekufa. Wifi akamwambia, "Hapana, baba. Leta karoti."

Jumanne, 9 Aprili

Wifi ana mkono wa kupika kuliko mimi, na nasema hivyo bila kinyongo (kidogo tu). Ameongeza mafuta na chumvi kwenye tangawizi yangu ya kutwanga, haibadiliki rangi wiki nzima. Ila akishapika, sahani yake bado inakwenda chumbani.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua ya mawe. Hakimu ametoa hukumu kwamba mbingu zina hasira na bati letu.

Jumatano, 17 Aprili

Mume wangu amerudi na karata. Kila kitu kilikuwa tayari kwenye vibakuli, moto wa dakika chache tu. Akasema kwa sauti ya tangazo: "Leo nataka chakula kichelewe. Kwa makusudi. Tucheze kwanza."

Tukakaa mkekani. Wifi alikubali kushika karata, lakini masikio yalikuwa jikoni. Akainuka. Kaka yake akasema, "Zamu yako, dada." Akaketi. Akainuka tena, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Nje geti la jirani likagongwa kwa nguvu, karata zikamdondoka zote. Kobe akazichungulia akapiga kelele, "Shangazi alikuwa na mashetani mawili!" Alimaanisha majoka, zile karata zenye picha ya mchekeshaji. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na wifi naye akacheka, mkono kifuani, akihema.

Tulikula saa tatu. Hakuna kilichotokea. Niliona anakiona hicho, kwamba hakuna kilichotokea. Alikaa mezani nasi mpaka nusu ya sahani, kisha akaaga. Nusu si haba.

Jumapili, 21 Aprili

Maharage, kabichi, nyama. Tumeandaa wawili na kumaliza kabla ya adhuhuri. Wifi anaimba vibaya sana. Sikujua.

Ijumaa, 26 Aprili

Leo amekuja. Mume wa wifi.

Nilidhani nitaona jitu. Ni mwanaume mwembamba, shati limepigwa pasi, sauti ya chini, tabasamu la kuvutia. Amekuja na mjomba wake na mfuko wa matunda. Kobe alimpenda papo hapo. Hilo ndilo lililonitisha.

Mjomba akaanza kwa mbali, mvua, barabara, afya za watoto, kisha akafika. "Ndoa ni kuvumiliana. Kikombe na sahani vikiwa kabati moja lazima vigongane."

Mume wangu akasema, "Vigongane, mzee. Lakini nimeona kimoja tu ndicho chenye ufa."

"Shemeji," yule mwembamba akasema kwa upole, "mimi nimekuja kwa heshima. Nyumba imepooza. Namtaka mke wangu."

"Mwenye jibu ni yeye. Si mimi."

Wifi alikuwa jikoni muda wote huo. Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya jiko, vibakuli vimepangwa, moto haujawashwa. Lile kovu jipya mkononi lilikuwa linang'aa. "Si lazima utoke," nikamwambia. "Tutawaaga sisi."

"Nitatoka," akasema. Akafuta mikono. Akatoka.

Yule mtu alipomwona akatabasamu zaidi, akaangalia saa ya mkononi, halafu akamwangalia tena. Kitu kidogo tu, kutazama saa. Lakini niliona bega la wifi likiruka.

"Mke wangu," akasema, "hata maji hatujaonja. Nyumba hii mgeni hakaribishwi chakula?"

Wifi alivuta pumzi. Mvua ilikuwa inapiga bati, nikaogopa sauti yake haitasikika. Ilisikika.

"Chakula bado."

Yule mtu tabasamu likamganda. "Tutasubiri, basi."

"Kikiiva, si chako. Nenda nyumbani kwako ukapike. Vitunguu vinakatwa kwa kisu, utakikuta pale kwenye droo."

Mjomba akakohoa. Yule mwembamba akasimama ghafla, na kwa mara ya kwanza nikaona yule aliyekuwa ndani ya shati. Mume wangu naye akasimama, akafungua mlango tu na kuushikilia wazi, mvua ikimrukia miguuni, mpaka wote wawili wakatoka. Matunda tuliwarudishia. Kobe alilalamika.

Baadaye wifi aliwasha moto. Alipakua, akaketi mezani katikati ya watoto, akala mpaka akakwangua sahani. Kisha akatapika chooni. Kisha akarudi akaomba chai.

Alhamisi, 2 Mei

Ameanza kazi kiwandani kwetu, meza ya vifungo. Msimamizi anasema ana jicho la kazi. Mimi nimesema ni wifi yangu, na nilipolisema nilijisikia nalisema kwa majivuno.

Jumapili, 19 Mei

Jua. Wiki nzima halijakosekana, ukuta wa choo umeacha jasho.

Jana wifi amehamia chumba chake, mtaa wa pili. Tulimsihi akae, hasa mume wangu, aliyefika mpaka kumwahidi friji lake mwenyewe. Akasema, "Kaka, nimeolewa nikitoka kwa baba, nimekuja kwako nikitoka kwa mume. Sijawahi kuwa na mlango wa kufunga mwenyewe." Nikamfungashia vibakuli vinne, maharage, nyama iliyopakwa viungo, kila kitu, nikamweleza kipi kianze kuliwa. Alinisikiliza kwa adabu yote.

Leo asubuhi nimemtuma Hakimu akamwangalie. Amerudi amekunja uso, kama mtu aliyeshuhudia jambo lisilo na kifungu cha sheria.

"Mama, vibakuli vyako vyote vimejaa vile vile. Shangazi jana hakupika."

"Alikula nini?"

"Ndizi mbili na karanga. Kitandani! Saa nne, amesema, akiwa amelala chali."

"Alikuwa anaumwa?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akacheka. Akasema alikuwa hajisikii kupika tu."